Njia ya Mpiganaji Haipatikani kwa Kikokotoo

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa wachezaji wa michezo ya kuigiza wahusika mezani, hasa wa Dungeons & Dragons. Imani hiyo inasema kwamba ubobezi wa mpiganaji ni hesabu, kwamba hesabu hiyo ina jibu moja sahihi, na kwamba mchezaji makini hulipata jibu hilo kabla hajarusha dadu hata mara moja. Mtu anafika kwenye kikao cha kwanza na mhusika wa ngazi ya 1, mwenye upanga, ngao na alama za uhai 12 hivi, lakini karatasi aliyoishika imeshapangwa mpaka ngazi ya 20. Anajua kipaji atakachochukua ngazi ya 4, anajua silaha atakayoshika ngazi ya 8, na njia ya ubobezi ameichagua tangu wiki iliyopita. Ukimuuliza mhusika wake anatoka kijiji gani, anakukodolea macho.

Naipinga imani hii kwa sababu inawanyima watu sehemu tamu kuliko zote ya mchezo wanaoupenda, kisha inawaambia kwamba huo ndio umahiri.

Kwa asiyeufahamu mchezo, mpiganaji ndiye mhusika wa kawaida kuliko wote. Hana miungu inayomjibu wala hakuzaliwa na damu ya joka. Ana silaha na mazoezi. Katika toleo la 2014, akifika ngazi ya 3 anachagua mojawapo ya njia tatu zilizomo kwenye kitabu cha msingi. Champion ni mpiganaji wa nguvu na wepesi ambaye mapigo yake hupata pabaya mara nyingi zaidi. Battle Master ni fundi wa mbinu: hupiga ngwala, hupokonya silaha, huwaelekeza wenzake. Eldritch Knight huchanganya upanga na uchawi. Vitabu vya baadaye vimeongeza njia nyingine, kama Samurai na Cavalier mwaka 2017 na Rune Knight mwaka 2020, na kila inapoongezwa moja, mjadala ni ule ule: ipi inaua haraka zaidi?

Tuanze na hesabu yenyewe, maana wenye imani hii hudai kwamba wanaowapinga wanaiogopa. Champion wa ngazi ya 3 hupata pigo la maradufu dadu ya pande 20 ikionyesha 19 au 20, ilhali wenzake husubiri 20 peke yake. Nyongeza hiyo ni nafasi moja katika 20. Akiwa na upanga wa mikono miwili, ambao madhara yake hupimwa kwa dadu mbili za pande 6 zenye wastani wa 7, nyongeza hiyo inamletea 0.35 kwa kila pigo analorusha. Battle Master wa ngazi hiyo hiyo ana dadu nne za pande 8 za kutumia katika mbinu zake, nazo humrudia kila baada ya pumziko fupi. Wastani wa dadu moja ni 4.5, kwa hiyo zote nne ni 18. Ili Champion azifikie hizo 18, itambidi arushe mapigo 51 na ushei kabla mwenzake hajakaa chini kupumzika. Mpiganaji wa ngazi ya 3 kwa kawaida hushambulia mara moja tu kwa zamu, na mapigano mengi huisha baada ya mizunguko michache. Kwa kipimo cha madhara, basi, Champion ameshindwa vibaya. Nakubali, na sitafuti pa kutokea.

Ila kipimo hicho kimempima mtu mmoja aliyesimama peke yake, anampiga adui asiyesogea, mahali pasipo na kitu kingine. Hakuna anayecheza mchezo wa namna hiyo. Chukua mbinu moja ya huyo huyo Battle Master, inayomruhusu aache shambulio lake moja ili mwenzake ashambulie badala yake na kuongeza ile dadu ya pande 8. Mpiganaji wa ngazi ya 5 mwenye nyongeza ya nguvu ya 4 akipata, upanga wake mkubwa huleta wastani wa 11. Akimpisha mwizi wa ngazi hiyo hiyo, mwenye kitara chembamba na wepesi wa kiwango hicho hicho, mambo yanabadilika. Kanuni inamruhusu mwizi kutumia pigo lake la kushtukiza mara moja katika kila zamu, na hii ni zamu ya mtu mwingine, kwa hiyo analipata tena. Kitara 8.5, pigo la kushtukiza 10.5, dadu ya mbinu 4.5: jumla 23.5. Ni zaidi ya maradufu ya kile ambacho mpiganaji angefanya kwa mkono wake.

Sasa mtoe huyo mwizi mezani, mweke mchawi dhaifu mwenye fimbo. Mbinu ile ile, dadu ile ile, ubobezi ule ule, na thamani yake imeporomoka hadi karibu na sifuri. Nambari iliyokuwa ikisifiwa haikuwa mali ya Battle Master. Ilikuwa mali ya watu waliokaa naye.

Najua jibu litakalofuata: basi mwingize mwizi kwenye kikokotoo. Utamwingiza vipi na kampeni haijaanza? Huenda mwizi akafa ngazi ya 2 akijaribu kufungua sanduku lenye sumu. Huenda mwenye kumcheza akahamishwa kikazi. Huenda yupo, lakini ni mwoga anayekaa mbali na upinde, na masharti ya pigo la kushtukiza hayatimii nusu ya muda. Pumziko fupi nalo ni hivyo hivyo. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa 2014 ulikadiria kwamba kundi linaweza kukabili mapambano 6 mpaka 8 kwa siku moja ya safari, na mapumziko mafupi mawili katikati. Ipo meza inayofuata mpango huo, na ipo meza yenye pambano moja kubwa kwa siku nzima ya hadithi, kwa sababu watu wana saa tatu tu za kukaa pamoja na wanataka kuzungumza na mfalme. Taarifa ambazo hesabu inazihitaji hazijazaliwa siku ya kwanza. Zinazaliwa mezani, kikao baada ya kikao, na ndiyo maana kitabu hakikuuliza swali la ubobezi ngazi ya 1.

Hapo ndipo wapangaji wa mapema wanaponishangaza. Waandishi wa mchezo wamekupa ngazi mbili nzima bila kukutaka uchague. Unaingia ngazi ya 2 ukiwa na alama 300 za uzoefu na ngazi ya 3 ukiwa na 900. Kipindi hicho kipo ili mpiganaji wako apate kuonekana ni mtu wa namna gani. Je, hatari inapotokea anasimama mbele ya wenzake au anazunguka nyuma ya adui? Anatoa amri au anazisubiri? Ameshindwa na nani, na kushindwa huko kumemfanya atake kujifunza nini? Aliyekuja na jibu mfukoni huvipitisha vikao hivyo kama abiria anayesubiri basi lifike, na kila kitu kinachotokea njiani kinamwangukia mtu asiyesikiliza.

Matokeo yake huonekana wazi zaidi kwa Eldritch Knight. Wengi huichagua njia hii kwa ajili ya kinga moja ya kichawi iitwayo Shield, ambayo huongeza 5 kwenye ulinzi wa mwili mpaka mwanzo wa zamu inayofuata na wala haitegemei kiwango cha Akili cha anayeitumia. Kwa hiyo unamkuta mpiganaji mwenye Akili 8, aliyeigizwa tangu mwanzo kama askari asiyejua hata kusoma, ambaye jana jioni aliwacheka wachawi. Anaamka asubuhi ya ngazi ya 3 akiujua uchawi. Nani kamfundisha? Lini? Kwa malipo gani? Mezani mmekaa na mwenzenu anayemcheza mchawi, ambaye angefurahi kumfundisha usiku kucha kando ya moto, wagombane juu ya matamshi, hatimaye kinga ya kwanza ifanye kazi pale mshale unapotaka kumpata mwalimu mwenyewe. Vikao vizima vya hadithi vilikuwa vinapatikana hapo, bure, na vimetupwa kwa sababu uamuzi ulishafanyika kabla mchawi hajapewa jina.

Mchezo huu haukuanza hivyo. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa vijitabu vitatu vya kwanza, mpiganaji hakuwa na ubobezi wowote. Kwa kanuni za msingi, kisu na shoka vilileta madhara kwa dadu ile ile ya pande 6. Tofauti kati ya mpiganaji na mpiganaji ilitokana na alichokifanya. Robilar, mpiganaji aliyechezwa na Rob Kuntz kwenye meza ya Gygax huko Lake Geneva, Wisconsin, anakumbukwa mpaka leo, na sehemu ya sifa yake ni jinsi alivyoliingia kaburi maarufu la Tomb of Horrors akiwa na kikosi cha orki, akawatanguliza kwenye mitego. Hakuna kipengele kwenye karatasi yake kilichosema "bingwa wa orki". Alikuwa nao kwa sababu ya maisha aliyoyaishi kwenye kampeni. Na mpiganaji aliyefika ngazi ya 9 katika mchezo ule aliitwa bwana, akaweza kujenga ngome na kuanza kutawala.

Ubobezi wa juu ulipokuja, ulikuja ukiwa umefungamana na hadithi. Ninaupenda sana mfano wa seti ya Companion ya mwaka 1984, iliyoandikwa na Frank Mentzer. Mpiganaji aliyefika ngazi ya 9 alikuwa na njia panda ya kweli. Angeweza kutulia, akapewa ardhi na kuwa mtawala. Asiyetaka ardhi, akapenda kuendelea kusafiri, alifunguliwa milango mingine: aliyefuata utaratibu na haki aliweza kuwa paladini, lakini baada ya kula kiapo cha utii kwa dini inayofuata utaratibu huo; aliyetaka kuwa sahibu wa mfalme au mtawala fulani alimwapia huyo akawa naiti wake; na aliyeelekea upande wa vurugu alitafuta muungano na dini ya upande huo. Angalia masharti hayo. Kiapo kwa nani? Ardhi ya nani? Huwezi kuyajibu ngazi ya 1, kwa sababu mfalme mwenyewe hujakutana naye, na pengine ukikutana naye utamchukia.

Waingereza wa Warhammer Fantasy Roleplay, mwaka 1986, walikwenda mbali zaidi. Mhusika alianza na kazi ya kawaida, mara nyingi iliyoamuliwa kwa dadu: mkamata panya, mlinzi wa barabara, askari wa kukodiwa. Kila kazi ilikuwa na orodha ya kazi nyingine ambazo mtu angeweza kuhamia, na kazi za juu zilifikiwa kwa kupita huko. Ukitaka kujua kwa nini nahodha wako wa askari wa kukodiwa anaweza kunusa mtego gizani, jibu lilikuwa kwenye maisha yake ya nyuma, labda katika miaka aliyoshinda kwenye mitaro ya jiji akifukuza panya. Wapo waliolalamika kwamba mfumo huo ulikuwa wa kubahatisha, na ni kweli ulikuwa hivyo. Lakini mpaka leo watu huwasimulia wahusika wao wa Warhammer kama wanavyosimulia habari za jamaa zao.

Imani ninayoipinga ilipata nguvu mwaka 2000, toleo la tatu la Dungeons & Dragons lilipotoka na madaraja ya heshima, yaani aina za ubobezi wa juu ambazo mhusika aliziingia baada ya kutimiza masharti. Hapa nataka kuwatendea haki waandishi. Mwongozo wa mwendesha mchezo uliyatoa madaraja hayo kama jambo la hiari, lililo mikononi mwa mwendesha mchezo, ayafinyange yaendane na ulimwengu wake. Baadhi ya masharti yalikuwa ya hadithi tupu: atakaye kuwa muuaji wa siri ilimbidi amuue mtu kwa sababu moja tu, kukubaliwa na kundi la wauaji; atakaye kuwa Blackguard, naiti wa giza, ilimbidi awe amekutana kwa amani na kiumbe mwovu kutoka ulimwengu mwingine. Mtu akisoma sharti kama hilo anaona kikao kizima kikijipanga kichwani.

Kando ya masharti hayo yakawekwa ya kihesabu, nayo ndiyo yaliyoharibu. Huyo Blackguard alitakiwa pia awe na viwango 5 vya ujuzi wa kujificha na viwango 2 vya elimu ya dini. Kwa mpiganaji, ujuzi wote huo ni wa kuazima, kila kiwango kikigharimu alama mbili, na kanuni haikumruhusu kufika kiwango cha 5 cha kujificha kabla ya ngazi ya 7. Jumla ni alama 14. Mpiganaji mwenye Akili ya wastani, asiye binadamu, alipata alama 20 tu kutoka ngazi ya 1 hadi ya 7. Vile vile kibeti aliyetaka kuwa Dwarven Defender, mlinzi asiyeng'oka, alilazimika kutumia kipaji kimoja kununua Toughness, kinacholeta alama 3 za uhai basi. Asiyepanga tangu siku ya kwanza alifika mlangoni akakuta umefungwa. Naiti wa giza, ambaye hadithi yake ni ya mtu mwema anayeanguka hatua kwa hatua, ikambidi aanze kujifunza kujificha tangu ujana, ngazi baada ya ngazi, akijua kabisa siku atakayoanguka.

Kizazi kizima kilijifunza kucheza chini ya kanuni hizo, na hakikukosea kupanga mapema. Mlango ulikuwa unafungwa kweli. Lakini mlango huo umeshafunguliwa. Toleo la nne mwaka 2008 liliweka njia za juu ngazi ya 11 zikiwa na masharti machache sana. Toleo la 2014 halina sharti lolote la kujiandaa kwa Champion wala Battle Master: unafika ngazi ya 3, unachagua. Na kitabu cha Tasha's Cauldron of Everything cha 2020 kilikwenda hatua nyingine, kikamruhusu mchezaji, kwa ridhaa ya mwendesha mchezo, kubadili njia yake pale ambapo angepokea uwezo mpya wa ubobezi. Sababu ya kupanga mapema imekufa, tabia imebaki, na sasa inafundishwa kwa wageni kama hekima.

Hao wageni ndio wanaoniumiza moyo zaidi. Wanaambiwa "chukua Champion, hutahitaji kufikiri", kana kwamba mtu amekuja mezani ili asifikiri. Nimewaona wageni wengi wakicheza, na mara nyingi mgeni ndiye mwenye mawazo mengi kuliko sisi tuliozoea. Anataka kumwagia adui mchuzi wa moto machoni, kukata kamba ya taa ya dari, kumsukuma mkuu wa majambazi kisimani. Mtu wa namna hiyo, aliyeachwa acheze ngazi mbili, mara nyingi atajikuta anaelekea kwa Battle Master mwenyewe bila kusukumwa, kwa sababu mbinu zake zinafanana na alichokuwa akijaribu kukifanya. Mwingine atamchagua Champion, si kwa sababu ni rahisi. Atamchagua kwa sababu mhusika wake amekuwa yule anayekimbia, anayeruka ukuta, anayepiga mara moja na kusubiri ile 19. Huyo naye amechagua sawasawa, na 0.35 yake haitamwondolea furaha hata kidogo.

Kuna hoja moja ya wapangaji ninayoiheshimu: kwamba kupanga kwenyewe ni raha, na raha hiyo haimdhuru mtu. Kupanga ni raha kweli. Lakini inadhuru. Mwendesha mchezo hutumia jioni zake kuandaa mambo ya kumgusa kila mchezaji. Anamleta naiti mzee anayekata roho, anayemkabidhi mpiganaji wenu bendera na kumwomba aipeleke nyumbani kwa kikosi chake. Huo ni mwaliko, na meza nzima inauona. Mchezaji anaipokea bendera, anauliza inaweza kuuzwa kwa dhahabu kiasi gani, kisha ngazi ya 3 anachukua kile alichokipanga wiki mbili kabla ya kampeni. Mwaliko wa pili hautakuja kwa moyo ule ule. Kampeni nyingi hufifia kwa namna hii, na wahusika wakiwa na mapigo makubwa ajabu.

Kwa hiyo nawaomba waendesha mchezo wafanye jambo moja. Mpiganaji akikaribia alama 900, muulizeni mwenye kumcheza, mbele ya wenzake, ni tukio gani lililotokea mezani linalompeleka kwenye njia anayoitaka, na ni nani atakayemfundisha. Akiwa na jibu, mpeni njia hiyo hata kama kikokotoo kinaicheka. Akiwa hana, mwambieni aiache nafasi hiyo wazi kwa kikao kimoja au viwili, huku mkimtafutia mwalimu, kiapo au adui wa kumfunza. Hatakuwa mnyonge katika muda huo. Bado ana pumzi yake ya pili ya kujirudishia uhai na uwezo wa kutenda mara mbili katika zamu moja, vyote alivyopewa kabla ya ngazi ya 3, na hivyo vinatosha kumvusha pambano lolote la kawaida wakati anatafuta.